Kuzungumza na marehemu wako: mwongozo kamili kwa aliyefiwa

Turubai likishashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa na ndugu wa mikoani wakapanda mabasi yao, ndipo msiba unapomkalia mfiwa. Mjane anajikuta anasema, "Baba Asha, umeme umekatika tena," halafu ananyamaza na kuangalia huku na huku asije akawa amesikika. Kijana anapita mbele ya chumba cha mama yake na kubisha hodi kwa mazoea. Wengi hulificha jambo hili kwa kuogopa kuambiwa wamechanganyikiwa.

Hawajachanganyikiwa. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293 wa vijijini huko Wales, Uingereza. Karibu nusu yao walimweleza kwamba baada ya kufiwa waliwahi kumhisi mwenza wao yupo karibu, kumsikia, kumwona au kuzungumza naye. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu mwingine, na wengi pia walisema jambo hilo liliwasaidia. Ukikaa msibani kwetu na wanawake wakazoeana nawe kidogo, utasikia hayo hayo kuanzia Tanga hadi Kigoma.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja na nausema mapema: sema na marehemu wako kadiri moyo unavyotaka, ila usimlipe mtu yeyote akuletee jibu lake. Maneno uliyobaki nayo ni mali yako, na kuyatoa kunaponya. Jibu linalouzwa limevunja nyumba nyingi.

Kabla hujaanza: imani yako inaruhusu nini

Mtu anayeogopa kwamba anatenda dhambi hapati faraja. Kwa hiyo lipange hili kwanza na nafsi yako.

Ukiwa Muislamu, kuzuru makaburi ni jambo lililohimizwa, na salamu ya kuwapa waliolala humo imefundishwa: amani iwe juu yenu, enyi wakazi wa makazi haya, waumini na Waislamu, nasi Mungu akipenda tutaungana nanyi. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alilia, akasema kwamba macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kisha akamwelekea mtoto mwenyewe: kwa kuondoka kwako, ewe Ibrahim, tumehuzunika. Wanazuoni wametofautiana kuhusu maiti kusikia, na hoja hizo zina umri wa tangu zama za Bi Aisha. Huna haja ya kuzimaliza wewe ukiwa na majonzi. Shika mpaka huu: haja unaziomba kwa Mwenyezi Mungu. Mwambie baba umemkumbuka, usimwombe akupe kazi au mtoto.

Ukiwa Mkristo, unaijua Kumbukumbu la Torati 18 inayokataza kuwauliza wafu habari, na unajua yaliyompata mfalme Sauli alipokwenda kwa mwanamke wa Endori usiku. Lakini Biblia hiyo hiyo inamwonyesha Daudi akimlilia Absalomu kwa jina, mwanangu, mwanangu, na akimwita Yonathani ndugu yangu wakati Yonathani ameshakufa. Kumlilia mtu ni kitu kimoja, na kumpigia ramli ni kingine. Mkatoliki ana tarehe 2 Novemba, ana Misa ya kumwombea marehemu na ana sala ya "Raha ya milele umpe ee Bwana". Mlutheri au Mpentekoste aliyefundishwa kwamba marehemu haombewi anaweza kuyaelekeza maneno yake kwa Mungu: "Bwana, leo nimepika samaki kama alivyokuwa akipika mama, na nimeshindwa kula." Inafanya kazi ile ile.

Na wapo wetu wenye mila. Kwa Wamijikenda, mzee akimjia mtu ndotoni na kulalamika, wenyewe huenda kwenye koma, vigingi vya mbao vya kuwakumbuka waliokufa, humwaga tembo la mnazi na kumweleza habari za mji. Uchaggani mbege humwagwa na majina ya waliotangulia hutajwa. Profesa John Mbiti wa Kenya, aliyekuwa pia padri wa Kianglikana, aliandika kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa hajaondoka kabisa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Tambiko lina mwenyewe katika ukoo, basi mwachie mzee husika aliongoze. Yanayofuata hapa ni ya mtu mmoja na marehemu wake.

Hatua ya 1: Okoa sauti yake sasa hivi

Naiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee isiyosubiri. Ndugu wakigawana vitu, simu hupewa mtoto wa shule, naye anaifuta yote aweke michezo. Laini isiyotumika hufungwa na baada ya muda namba hupewa mtu mwingine. Ipo siku utaipiga usiku kwa uchungu na mgeni atapokea. WhatsApp nayo hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika.

Chukua simu yako mwenyewe, fungua mazungumzo yenu, tafuta jumbe zote za sauti na uzitume kwenye barua pepe yako au uzihamishe kwenye kompyuta na flashi. Weka nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Waombe shangazi, wajomba na marafiki zake wakutumie walizonazo. Usichague nzuri tu. Ujumbe wa sekunde nane unaosema "njoo na vitunguu, na usisahau mkaa" utakuja kuupenda kuliko hotuba yake ya harusini.

Pia msikimbilie kufunga laini yake kabla ya kujua kuna pesa kiasi gani kwenye simu. Pesa hiyo ni mirathi na ina utaratibu wake.

Hatua ya 2: Subiri mwili utulie

Siku za mwanzo kazi yako ni kula, kulala na kupokea pole. Usijilazimishe mazungumzo yoyote rasmi wakati tanga halijaondolewa. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, na kwa hatua zinazofuata ni kipindi kizuri kabisa, kwa kuwa nyumba imetulia na watu wanategemea akae ndani. Wengine husubiri arobaini ipite. Dalili ya kwamba uko tayari ni ndogo: unaweza kutaja jina lake bila kuishiwa pumzi.

Hatua ya 3: Mahali, saa na kitu kimoja

Chagua mahali pamoja na saa moja, na uvishike. Kibarazani baada ya sala ya alfajiri panafaa, au jikoni watoto wakishalala. Usichague kitandani, maana kitanda kikishazoea kilio kitakunyima usingizi. Nusu saa inatosha. Weka kengele ya simu ikuambie muda umekwisha, kwa sababu majonzi hayana saa na yatakukalisha mpaka usiku wa manane.

Kisha chagua kitu chake kimoja. Kofia yake ya kufuma, miwani, rozari, tasbihi, kikombe cha chai. Kwa mama zetu mara nyingi ni kanga, na kanga ina shughuli ya ziada. Kama bado ipo ambayo haijafuliwa, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri na uweke mbali na jua. Harufu ya mtu, ile ya udi na mafuta ya nazi na moshi wa kuni, hutoka kwenye nguo kwa kufuliwa mara moja tu, na watu wamegombana na dada zao wa kazi kwa jambo hili. Fungua mfuko siku unayohitaji kweli, vuta pumzi, ufunge tena.

Ukipenda kufukiza ubani, fukiza, kwa kuwa unakutuliza. Hauhitajiki ili marehemu "aje". Huiti kitu hapa.

Hatua ya 4: Msalimie, mpe habari, kisha ingia kwenye zito

Watu wengi hukwama kwa sababu wanaanza na neno kubwa, "kwa nini umeniacha", na kilio kinawazuia kuendelea. Sisi hatuanzi mazungumzo hivyo hata na aliye hai. Tunaanza na salamu. Mwombee dua fupi au sala, kisha mwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia. Kama alikuwa mkubwa wako, sema "Shikamoo". Wengi ninaowajua walilia hapo hapo, kwa sababu ile "marahaba" wameijibu wenyewe moyoni kwa sauti yake.

Baada ya salamu, mpe habari za nyumbani. Nani amejifungua, nani amefaulu, bati limevuja wapi, mwenye nyumba kapandisha kodi. Usione ni mambo madogo. Sehemu kubwa ya maisha yenu ilikuwa ni habari kama hizi, na ndizo zilizokatika ghafla.

Sasa ingia kwenye zito. Nakushauri upite njia tatu, hata kama si siku moja.

Ya kwanza ni deni. Uliahidi nini ukashindwa? Yeye alikuahidi nini? Kuna deni la pesa na kuna deni la maneno. La pesa lisikae kwenye mazungumzo: kama alikuwa anadaiwa, lilipwe kutoka kwenye mali yake kabla mirathi haijagawanywa, na utasikia wepesi ambao dua pekee haikukupa. La maneno liseme kwa kinywa chako: "Nilikuahidi nitakuja Pasaka, sikuja."

Ya pili ni lawama, na hapa ndipo mila yetu ya kutomsema vibaya marehemu inapowabana watu. Hadharani ni adabu nzuri. Lakini ukiwa peke yako na mume aliyekupiga, au baba aliyekuwa na nyumba ya pili mkaijua siku ya mazishi mtoto wa kule alipokuja kushika jeneza, kunyamaza kunageuka ugonjwa. Mwambie. Mwambie kwa jina la tendo lenyewe, lilitokea wapi na lilikufanya nini. Huhitaji kumsamehe siku hiyo. Wala usilazimishwe na mtu kusema umesamehe wakati bado.

Ya tatu ni shukrani, na iwe ya kitu kinachoonekana. "Asante kwa kila kitu" haina uzito. "Asante kwa kuuza cherehani yako nilipe ada ya kidato cha tatu" ina uzito.

Kengele ikilia, aga. "Kwa leo naishia hapa, tutaonana Ijumaa" inatosha. Kunawa uso kwa maji baridi na kutoka nje kidogo husaidia kurudi kwenye kazi.

Hatua ya 5: Mwandikie barua

Kuna watu kusema peke yao hakuwajii, hasa wanaume. Hao waandike. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alionyesha kwamba wanafunzi walioandika juu ya mambo mazito ya maisha yao kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika juu ya mambo ya kawaida. Chukua utaratibu huo: dakika 15, siku nne, kalamu na karatasi, bila kusahihisha tahajia.

Andika kwa lugha mliyokuwa mkizungumza. Kama ni Kinyakyusa au Kidigo, andika hicho hicho. Hii hapa ni barua ya mfano, upate mwendo wake:

"Mama, shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo wangu amepata kazi ya ulinzi, analala mchana, ungekuwepo ungemgombeza. Mama, siku ile hospitalini uliniambia nikae kidogo nikasema nawahi daladala. Nilikuwa na muda. Nilikuwa naogopa kukuona vile na mashine puani. Nimekuwa nikijiambia kwamba ulijua. Nataka nikwambie mwenyewe: sikukuacha kwa kuchoka, niliogopa. Ile sufuria yako kubwa ninayo mimi, shangazi aliitaka nikakataa. Mwanao."

Ona ilivyo fupi, na ilivyobeba jambo moja zito tu. Barua ya siku ya pili itabeba lingine. Siku ya nne, soma zote kwa sauti mara moja. Baada ya hapo zitunze, zizike kwenye shina la mti uliopanda kwa ajili yake, au uzichome. Yote ni sawa. Ila usiziweke Facebook usiku ule ule. Ukianza kusubiri watu wangapi wamependa, barua imeshabadilisha mpokeaji.

Hatua ya 6: Mpe nafasi ajibu, ukijua jibu linatoka wapi

Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu zaidi, na si ya kufanya peke yako mara ya kwanza. Daktari Katherine Shear wa Marekani alitengeneza tiba ya majonzi yaliyogoma kupungua, yenye vikao 16 hivi. Katika kimojawapo mfiwa hufumba macho, hujiona yuko na mpendwa wake aliyekwisha kufa lakini anaweza kusikia na kujibu. Humsemesha, kisha hushika nafasi ya marehemu na kujibu kwa niaba yake. Mtaalamu yupo pembeni muda wote.

Nyumbani unaweza kuifanya kwa namna nyepesi. Weka viti viwili vikitazamana. Mwalike mtu mmoja mtulivu, dada au rafiki, akae nyuma yako akiwa kimya. Kaa kwenye kiti chako, sema jambo moja au uliza swali moja. Hamia kiti cha pili, kaa kama alivyokuwa akikaa, mikono alivyoiweka, na ujibu kama ambavyo angejibu. Rudi kwako. Mara tatu au nne zinatosha.

Jibu linatoka kwenye kumbukumbu yako. Miaka ya kuishi na mtu imekuachia ndani yako namna yake ya kufikiri, na hiyo haikufa. Kwa hiyo pima: je, hili ni neno lake? Mara nyingi binti aliyejilaumu miaka mingi akikaa kwenye kiti cha mama hujikuta anasema, "Wewe mtoto, ulikuwa umekula lakini?" maana ndivyo mama alivyokuwa. Na jibu likija kali kuliko alivyokuwa yeye, hiyo ni lawama yako mwenyewe inayojisemea. Likikwambia umfuate, au umdhuru mtu, inuka hapo hapo, mwambie aliye nyuma yako ulichosikia, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kaburini, na kwa wasio na kaburi

Nenda asubuhi, na chupa ya maji, panga dogo au jembe la mkono, na tawi bichi la mrehani au ua. Kwenye makaburi ya mjini yaliyobanana kama Kinondoni, tembea pembezoni usikanyage ya wenzio. Toa salamu kwa wote kwanza. Ukifika kwake, fanya kazi kabla ya kusema: ng'oa majani, rudishia udongo ulioshuka baada ya mvua, futa vumbi kwenye jina kwa kitambaa cha maji, herufi moja moja. Mikono ikiwa kazini maneno hutoka yenyewe. Watu wengi wakisimama wima na kutazama kaburi hukosa la kusema na kuondoka wamejilaumu. Ukimaliza, mwagia maji, weka tawi, mwombee, ondoka. Usiende peke yako jioni kwenye makaburi ya pembeni ya mji. Wapo vibaka, na jambo hili halina uhusiano wowote na majini.

Wasio na kaburi wana uchungu wa aina yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na miili mingi haikupatikana. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wengi walizikwa kwa pamoja Igoma bila ndugu kujua nani yuko wapi. Wako pia walio Muscat au Minneapolis waliosikia mazishi ya baba yao kupitia simu kwa sababu hati za kusafiria hazikuruhusu.

Kwa hao wote, jifunzeni kwa Wajapani wa Otsuchi. Mzee Itaru Sasaki alifiwa na binamu yake, na mwaka 2010 akaweka bustanini kwake kibanda cha simu cha zamani, na ndani yake simu isiyounganishwa na waya wowote, ili apige na kumsemesha. Mwezi Machi 2011 tsunami iliua watu wengi wa mji ule, wengine hawakuonekana tena, akakifungua kibanda kwa kila mtu. Maelfu wamekwenda, wamezungusha namba za nyumba ambazo hazipo, wakasema. Huhitaji kibanda. Bahari au ziwa lenyewe linafaa, ufukwe ule ule kila mwaka tarehe ile ile. Aliye ughaibuni apande mti, au aweke jiwe lenye jina shambani kwao na ndugu amtumie picha. Muislamu anaweza kumuuliza shehe wake kuhusu sala ya ghaibu, ile ya kumsalia maiti asiyekuwepo mbele yenu.

Hatua ya 8: Ndoto

Weka daftari chini ya mto. Ukimwota, andika kabla hujashika simu: alikuwa amevaa nini, alisema nini, uliamka ukiwaje. Mafundisho ya Kiislamu yanagawa ndoto mafungu matatu, ya kheri itokayo kwa Mungu, ya shetani ya kuhuzunisha, na ya nafsi inayojisimulia mambo yake. Mgawanyo huo ni wa busara kwa mtu wa dini yoyote, kwa kuwa unakukataza kuchukulia kila ndoto kama agizo.

Ndoto ya marehemu akiwa mzima, mwenye nguvu, pengine amekaa kimya tu, ipokee kama ugeni. Mshukuru Mungu, mwombee, toa sadaka kidogo ukiweza. Ile inayorudia siku ya ajali au wodi ya wagonjwa mahututi inahitaji kufanyiwa kazi. Mchana, ukiwa umetulia, iandike kisha ubadilishe mwisho wake: mlango unafunguka, yuko amekaa, mnazungumza. Isome hiyo mpya kila siku kwa dakika kumi hivi. Njia hii hutumiwa na wataalamu kwa jinamizi za namna nyingi, na haimbadilishi marehemu wako wala kifo chake. Inakupa usiku wa kulala.

Ndoto inayomtaja mtu kuwa ndiye aliyeua usiipeleke popote.

Hatua ya 9: Fanya jambo kwa jina lake

Maneno yakizidi bila tendo yanachosha. Muislamu anajua kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Mkeka wa madrasa, bomba la maji, misahafu, hitima na wali wa majirani. Mkristo ana Misa, ana ada ya mtoto wa jirani. Kisha rudi umpe habari: "Bomba limetoka maji, Bibi. Wa kwanza kuteka ni yule jirani yako mliyekuwa mkigombania kuni."

Wanaouza majibu

Nimeahidi kulisema wazi. Mganga au "nabii" atakayejua habari zako ajabu mara nyingi amezisoma kwenye tangazo la msiba na wasifu wa marehemu mliouweka wenyewe mtandaoni. Mwingine anakuchota taratibu: "Naona herufi M," na familia gani haina Mohamedi, Maria au Mwanaidi? Unamaliza sentensi wewe, halafu unaondoka ukiamini amejua yeye. Huu si mchezo wa kwetu tu. Dada wa ukoo wa Fox huko Hydesville, jimbo la New York, walianza mwaka 1848 kudai roho zinawajibu kwa kugonga, wakazaa dini nzima. Mwaka 1888 Margaret Fox alisimama mbele ya watu akaonyesha kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vya mguu wake, ingawa baadaye aliyakana maneno hayo.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi ya pesa. Kuna anayesema mtoto wako hajafa, amechukuliwa msukule, na laki kadhaa zitamrudisha; huyo anakunyima hata haki ya kuzika moyoni. Na kuna anayetaja muuaji. Usukumani vikongwe wameuawa kwa neno la namna hiyo, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Anayekwambia "aliyemroga yuko ndani ya ukoo" amekufanya uwe na misiba miwili. Ondoka, na usiache hata jina lako.

Programu za kompyuta zinazoiga sauti ya marehemu na kujibu kwa niaba yake naziweka kundi hili hili. Sauti uliyoiokoa kwenye hatua ya kwanza ni yake, alisema mwenyewe. Inayotengenezwa itakwambia chochote ili uendelee kulipia.

Watoto

Usimwambie mtoto kwamba baba "amesafiri" au "amelala". Atasubiri, au ataogopa kulala. Mwambie baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, na kwamba anaruhusiwa kumsemesha. Mpe karatasi achore, mwende kuiweka kaburini pamoja. Akiuliza kama baba anamwona, mjibu kwa imani ya nyumba yenu kwa maneno machache. Akicheza mpira dakika mbili baadaye, mwache acheze. Watoto huomboleza kwa vipande.

Lini umwone mtaalamu

Mazungumzo haya yakikusaidia, baada ya miezi kadhaa utajikuta unayahitaji mara chache zaidi, na kati yake unafanya kazi, unacheka, unakula. Yakienda kinyume, tafuta msaada. Shirika la Afya Duniani hutazama zaidi ya miezi sita, na madaktari wa akili wa Marekani mwaka mmoja kwa mtu mzima: ikiwa muda huo umepita na bado kila siku huwezi kukubali kwamba amekufa, hutoki, hujali kazi wala watoto, hayo ni majonzi yenye tiba. Usisubiri muda huo kama unawaza kujiua, kama unasikia sauti zinazoamuru, au kama umeacha kula.

Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili, na Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi zina wataalamu wake. Ukifika mapokezi usiseme "najisikia vibaya", utapimwa malaria na kurudishwa. Sema hivi: "Nimefiwa na fulani, mwezi fulani. Silali. Nawaza kifo. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Nenda na ndugu mmoja, na kama uliandika barua za hatua ya tano, zibebe, zitampunguzia mtaalamu maswali mengi ya kikao cha kwanza.